Kitabu cha Wageni

Kenya, hoteli si mahali pa kulala. Mwambie mtu pale stendi ya Kisumu "twende hoteli", na kitu cha kwanza atakachofikiria ni chai ya maziwa na chapati, ama ugali na omena kama ni saa saba mchana. Atakaa kwa benchi, aoshe mikono kwa ule mtungi wenye bomba, aagize. Ukitaka kulala unaulizia gesti. Wazee wanasema lojing. Halafu kuna zile kubwa za Milimani na za kando ya ziwa, zenye geti na bwawa la kuogelea. Hizo pia ni hoteli, lakini tunazitaja kwa jina lake, kama vile mtu anavyotaja bosi.

Nimekaa na hii tofauti ya maneno kwa muda. Lugha huwa haitengani hivi bila sababu. Jengo lenye vitanda liligawanyika majina kwa sababu watu waliruhusiwa kulala mjini kwa njia tofauti, wengine kwa heshima, wengine kwa kibali, wengine kwa kujificha. Stori ya gesti za bei nafuu katikati ya Kisumu, zile za ghorofa mbili tatu zenye ngazi nyembamba katikati ya duka la simu na duka la dawa, ni stori ya nani alikubaliwa kulala hapa, na lini.

Tuanze na jina la mji. Wajaluo wengi watakuambia Kisumu imetokana na *kisuma*, mahali pa kwenda kubadilishana vitu upate chakula. Wakati wa njaa mtu wa upande mmoja alibeba alichonacho akaenda kwa mtu wa upande mwingine, wakabadilishana, akarudi na nafaka. Kwa hiyo hata kabla ya barabara na reli, hapa palikuwa mahali pa wageni. Mgeni kwa Dholuo ni *wendo*, wakiwa wengi ni *welo*, na boma lilijua la kufanya nao. Mwanamume mgeni alilazwa kwa simba, nyumba ya vijana wasiooa. Wasichana walilala kwa siwindhe, kwa nyanya. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyeandikwa. Lakini usidhani ilikuwa bure kabisa. Ulilipa kwa kujieleza: wewe ni wa nani, unatoka ukoo gani, unamjua nani hapa. Mgeni bila jibu alikuwa na shida.

Reli ilipofika

Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, na msumari wa mwisho ukapigiliwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Kituo kikaitwa Port Florence. Wakati huo hapa palihesabiwa kuwa Uganda. Ni tarehe 1 Aprili 1902 ndipo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wa pili, tukawa sehemu ya kile ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya. Kwa hiyo mji wetu ulibadilishiwa nchi kabla hata haujapata mitaa.

Reli huzaa vitanda. Popote treni inapoishia, kuna abiria aliyechelewa, mzigo unaosubiri, karani aliyetumwa. Hii si ya Kisumu peke yake. Mendoza, mji wa mvinyo magharibi mwa Argentina, ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka wa 1861, ukajengwa upya na mitaa mipana na bustani za umma. Treni kutoka Buenos Aires ilipoufikia mwaka wa 1885, mvinyo ukapata soko na mji ukajaa wageni. Leo kijana anayesafiri na begi mgongoni anaweza kulala hoteli ya kawaida katikati ya mji huo, atembee kwa miguu hadi uwanjani, na hakuna anayemuuliza ni mtoto wa nani. Kisumu ilipata treni miaka 16 baada ya Mendoza. Tofauti ni kwamba reli yetu haikujengwa ili watu wa hapa wasafiri. Ilijengwa kuifikia Uganda, na Kisumu ilikuwa mahali pa kushuka treni na kupanda meli.

Ndiyo maana hoteli za kwanza za Kisumu zilielea. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande, sehemu ya safari ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi, ikateremshwa majini hapa mwaka wa 1900. Zikafuata Winifred, Sybil, kisha Clement Hill. Winston Churchill alipopita hapa mwaka wa 1907, aliteremka kwa treni na kuingia Clement Hill kwenda Entebbe. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu ikulu ya Marekani, alipita Desemba 1909 na kupanda meli hiyo hiyo. Wakubwa hawa walilala kwa behewa na kwa kabini, na shuka safi zilisafiri nao. Mji wenyewe waliuona kama unavyoona kituo cha mafuta ukiwa ndani ya basi.

Na mji ulikuwa na sababu zake za kuogopwa. Miaka hiyo ya mwanzo ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana ufuoni mwa ziwa, hasa upande wa Uganda. Nairobi, tauni ilipozuka mwaka wa 1902, wakoloni walichoma bazaari ya Wahindi. Ugonjwa ukawa hoja, na hoja ikawa ramani. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kuchunguza usafi wa miji, na ushauri wake ulikuwa kwamba kila rangi ikae upande wake, na katikati yao liachwe eneo wazi. Ukitaka kuona ushauri wa aina hiyo ukiwa umegeuka mawe, panda kutoka bandarini. Wazungu walikuwa juu Milimani, kwenye upepo. Wahindi walikuwa bazaarini, wanalala juu ya maduka yao. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kwao, yaani mashambani. Ndani ya mji alikuwa mikono inayokuja asubuhi na kuondoka jioni, na kama ni mfanyakazi wa reli au wa serikali, alipewa chumba kwa landhi, si zaidi.

Kipande shingoni

Sasa fikiria ni mwaka wa 1925. Wewe ni mwanamume kutoka Alego, umetembea siku nzima kuja kutafuta kazi ya kuli bandarini. Jua limezama. Unalala wapi?

Kwanza, una kipande. Sheria ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho: jina, chifu wake, alama za vidole, tajiri wake ni nani, kazi ilianza lini na kuisha lini. Wengi walikibeba ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Pili, kulikuwa na sheria ya uzururaji. Mtu asiye na kazi na asiye na makao yanayojulikana angeweza kukamatwa kwa kosa la kuwepo tu. Hiyo sheria, kwa taarifa yako, ilibaki kwenye vitabu vya Kenya huru hadi 1997. Yaani kuna watu wa rika la wazazi wetu waliolala seli kwa sababu hawakuwa na pa kulala.

Kwa hiyo mwanamume wa Alego hakutafuta hoteli. Alitafuta mtu. Alitafuta ndugu wa ukoo mwenye chumba landhi, wakalala sita pale panapotosha wawili. Kama ni Mwislamu, ama alikuwa tayari kuwa mgeni wa Waislamu, alienda Kaloleni, ambako Waswahili na Wanubi walikuwa wameweka makao na ambako kupangisha chumba au hata mkeka halikuwa jambo geni. Ukitafuta asili ya gesti yetu, usiitafute kwa hoteli ya Wazungu. Mama mwenye chumba cha ziada Kaloleni ndiye aliyeianzisha.

Watu hawakunyamazia kipande. Desemba 1921, kwenye mkutano mkubwa wa Lundha, Gem, uliozaa vuguvugu lililojulikana kama Piny Owacho, kipande kilikuwa kati ya malalamiko, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Gavana mwenyewe alilazimika kuja kusikiliza mwaka uliofuata. Kipande kiliendelea hata hivyo hadi 1947, sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilipoletwa.

Na mwanamke je? Kipande hakikumhusu, na hiyo haikuwa hisani. Sheria haikumhesabu kama mtu anayesafiri. Mwanamke aliyekuja mjini peke yake alikuwa na walinzi wengine. Miaka ya 1940 na 1950 vyama vya ustawi vya Wajaluo, katika miji mbalimbali ya Afrika Mashariki, vilijipa kazi ya kuwakamata wanawake waliodhaniwa kuwa malaya na kuwarudisha makwao. Ushahidi mara nyingi ulikuwa kwamba yuko mjini na hana mume wa kumtaja. Alikuwa amechuma pesa yake na kulipia chumba chake, na hilo ndilo lililomtia hatiani. Usajili wa kitaifa wenyewe ulikuja kuwajumuisha wanawake mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa miaka zaidi ya kumi ya uhuru, kwa hiyo, mwanamke wa Kenya hakuwa na kitambulisho chake cha kuonyesha mlangoni.

Ndege juu ya maji

Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, vitanda vilikuwa vinatandikwa. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kwenye njia. Ndege za baharini zilitua kwenye ghuba, mahali ambapo leo tunapiga picha za machweo. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na kuanzia 1937 zile ndege kubwa za maji zilienda hadi Durban. Safari ilichukua siku, si saa, kwa hiyo abiria walihitaji mahali pa kuoga, kula mezani na kulala. Kisumu Hotel, ile yenye nguzo na veranda iliyo kwenye Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta, ni ya ulimwengu huo. Leo inamilikiwa na Chuo Kikuu cha Maseno.

Kila hoteli ya aina hiyo ilikuwa na Waafrika ndani, usiku na mchana. Walipika, walifua, walipiga pasi, walibeba masanduku. Walijua idadi ya mito kwa kila kitanda, na hawakuwahi kulala hata kwa kimoja. Ujuzi huo haukupotea. Wapishi na maboi waliorudi nyumbani walirudi na desturi: shuka inakunjwa hivi, kikombe kinawekwa hapa, mgeni anaamshwa saa ngapi. Ukiingia gesti ya bei nafuu leo ukute taulo imekunjwa pembe nne juu ya blanketi, na juu ya taulo kipande cha sabuni na karatasi ya choo, unaona mabaki ya mafunzo hayo. Taulo ni nyembamba, lakini adabu ya kuikunja ni ileile.

Kununua plot

Aliyeelewa kwamba suala ni nani anamiliki jengo, si nani analipa usiku mmoja, alikuwa Jaramogi Oginga Odinga. Kabla hajawa mwanasiasa wa kitaifa alikuwa mwalimu aliyeacha kufundisha akaingia biashara, na mwaka wa 1947 shirika la Luo Thrift and Trading Corporation likasajiliwa. Alizunguka Afrika Mashariki akiuza hisa kwa Wajaluo waliokuwa makuli, makarani, polisi. Pesa hizo zilijenga duka Maseno, na zilijenga Ramogi House hapa Kisumu, jengo la Waafrika katikati ya mji uliopangwa bila wao. Leo ukipita unaona jengo la kawaida tu. Lakini kwa mtu aliyelala landhi na wenzake watano, kuona jina la Ramogi likiwa juu ya mlango mjini kulikuwa jambo la kusimama na kutazama.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Sheria za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zilifanya Wahindi wengi wasio na uraia wa Kenya waondoke, na wimbi kubwa la kwenda Uingereza lilikuwa mwanzoni mwa 1968. Wengi walibaki, na Kisumu bado ni mji wao kama ilivyo wetu. Lakini maduka mengi ya chini na nyumba za juu, ile mitindo ya bazaari yenye roshani na ua wa ndani, yalibadilisha mikono katika miaka hiyo na iliyofuata. Nyumba ya familia yenye vyumba vingi kuzunguka ua ni rahisi sana kugeuza gesti. Unaweka namba milangoni, kitasa na kufuli kwa kila chumba, meza chini ya ngazi. Ndiyo maana gesti nyingi za katikati ya Kisumu zina ramani isiyoeleweka, mara choo kiko mwisho wa korido, mara unapita jikoni ufike chumba namba saba. Unalala kwa sebule ya mtu aliyeondoka.

Halafu tarehe 25 Oktoba 1969. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati huo, na kukawa na majibizano ya hadhara kati yake na Odinga, kisha risasi. Serikali ilisema watu 11 walikufa. Mjini watu wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Kwa muda mrefu baada ya hapo mji ulihisi kama umewekwa nyuma ya mlango. Hospitali ile bado tunaiita Russia, na nitarudi kwake, kwa sababu inajaza gesti nyingi kuliko watalii.

Pigo la pili lilitoka majini. Hadi 1977 meli ya MV Victoria ilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, meli zikagawanywa kama mali ya talaka. Victoria ilienda Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na mpaka na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kwa gesti za karibu na bandari, hiyo ilikuwa kukatwa mshipa. Abiria wa meli, aliyehitaji usiku mmoja kabla ya safari na mmoja baada yake, alitoweka. Waliozifufua ni watu wa basi. Ndiyo maana leo vitanda vya bei nafuu vinafuata stendi na soko zaidi ya vinavyofuata gati.

Safu tano

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya usiku, kwa gesti moja katikati ya mji. Sitaitaja. Nilitoka Mamboleo na matatu ya jioni, nikafika saa mbili usiku, nikakaa nyuma ya dirisha lenye nondo hadi asubuhi. Nilikuwa na funguo, feni, na kitabu cha wageni: daftari kubwa jeusi, limechorwa safu kwa rula. Jina. Namba ya kitambulisho. Unatoka wapi. Unaenda wapi. Sahihi.

Usiku wa kwanza nilidhani ni urasimu tu. Wiki ya pili nikaanza kukisoma. Zile safu ni za kipande, karibu moja kwa moja: wewe ni nani, namba yako ni ipi, umetoka kwa nani, unaelekea kwa nani. Tofauti ni kwamba sasa unalipa shilingi mia sita ndiyo uulizwe. Polisi wakipita usiku, kitu cha kwanza wanataka ni hicho kitabu.

Na kilinifundisha kitu ambacho sikukipata kwa darasa lolote la historia: nani hasa analala katikati ya mji. Watu wa mbali hufikiria gesti ni mambo ya mapenzi ya mchana, na sitakudanganya, hayo yapo, kwa bei ya saa. Lakini kitabu kina watu wengine. Kuna mama anayeuza omena, ametoka Homa Bay na magunia Jumamosi ili awahi Kibuye Jumapili alfajiri. Kuna mzee kutoka Siaya ambaye mtoto wake amelazwa Russia, wodi haimruhusu kulala chini ya kitanda, na mji mzima hana jamaa. Kuna baba amemleta binti chuo kikuu, wamechukua chumba kimoja, yeye akalala kwa kiti. Kuna dereva wa lori la Busia. Kuna msichana wa usaili wa kazi, amepiga pasi nguo yake ya pekee kwa pasi ya kuazima na kuitundika dirishani. Hawa hawawezi bei ya Milimani, na hawana ndugu landhi. Kila mmoja angekuwa mzururaji mwaka wa 1925.

Mama wa omena alinizoea. "Nyathina," aliniita, mwanangu, "andika tu kama juzi." Hakupenda kurudia habari zake. Wanawake waliokuja peke yao walikuwa na njia ya kusimama mbele ya lile dirisha, wima kidogo kuliko inavyohitajika, wakisubiri kuulizwa swali la ziada. Bosi alitaka niwaulize. "Unamngoja nani?" Wanaume hawakuulizwa. Nilimaliza miezi mitano hapo na sikuona mwanamume hata mmoja akiulizwa anamngoja nani. Vyama vya ustawi vya miaka ya 1950 vimekufa zamani, lakini swali lao limekaa mapokezi na linalipwa mshahara.

Si kila nyumba ni hivyo. New Victoria, kwenye Barabara ya Gor Mahia, kwa miaka mingi imetajwa na vitabu vya watalii kama hoteli ya Wayemeni ya katikati ya mji, mahali pa kiamsha kinywa kizuri na pasipo baa. Mtu anaweza kuona hiyo kama dini tu. Muulize mwanamke anayesafiri peke yake, atakuambia mahali pasipo baa chini ya ngazi pana thamani gani saa tano usiku. Hapo ndipo ile stori ya Kaloleni inaponirudia kichwani. Kwa zaidi ya karne moja Waislamu wa mji huu wamekuwa wakimpa mgeni kitanda bila kumuuliza ukoo, na historia ya Kisumu tunayofundishwa, ya reli na siasa, huwaweka pembeni.

Saa moja jioni

Usiku wa mjini haujawahi kuwa wa bure kabisa hapa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 amri ya kutotoka nje iliwekwa Kisumu, na maduka katikati ya mji yaliporwa na kuchomwa. Machi 2020, kwa sababu ya korona, nchi nzima ikafungiwa kuanzia saa moja jioni. Baadaye saa zikalegezwa, kisha Juni 2021 kaunti 13 za upande wa ziwa zikarudishwa saa moja peke yake, wiki chache tu baada ya sherehe za Madaraka kufanywa hapa Mamboleo na uwanja mpya kufunguliwa. Tulikaribisha taifa, halafu tukaambiwa tulale mapema.

Aliyeshikwa na saa moja akiwa mjini, matatu ya mwisho ya Ahero imeondoka, alikuwa na mambo mawili: apate kitanda au apate rungu. Kwa watu wengi wa rika langu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba chumba cha mia tano ni kinga. Kinakulinda na mbu, sawa, lakini pia kinakulinda na serikali.

Mei 2022 mkutano wa Africities ulikuja, mara ya kwanza kufanywa kwa mji wa ukubwa wa kati. Barabara zilipakwa rangi, vibanda vikaondolewa. Kabla yake, vibanda vya samaki vya Lwang'ni pale ufuoni vilikuwa vimebomolewa ili kutengeneza bandari. Treni ya abiria ilirudi Desemba 2021. Yote haya yana faida zake, na mimi napenda treni. Lakini tazama majengo yanayopanda sasa: fleti za kupangisha kwa usiku kwa simu, unalipia kabla hujafika, mlango unafunguka kwa namba ya siri. Ni safi na ni poa. Mama wa omena hayuko kwa hiyo app, na magunia yake hayaruhusiwi kwa lifti. Plot za katikati zimepanda bei, na nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye vyumba 12 vya mia sita haiwezi kushindana na jengo la ghorofa nane. Zikiondoka, hatutapoteza urembo. Tutapoteza mahali ambapo mtu asiye na jamaa mjini anaweza kulala kisheria, na kesho yake aende hospitali.

Mji unaojiita jiji tangu 2001 ungepaswa kuhesabu vitanda vya bei nafuu kama unavyohesabu vyoo vya umma na vituo vya maji. Soko la Kibuye haliwezi kufanya kazi Jumapili kama hakuna pa kulala Jumamosi. Hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa magharibi nzima imejengwa kana kwamba wagonjwa hawana wazazi.

Na kuna vile vitabu. Kikijaa, kinawekwa chini ya ngazi miaka miwili mitatu, halafu kinauzwa kwa kilo. Nimeona karatasi zake zikifunga mandazi, safu tano zikiwa bado zinasomeka chini ya mafuta: katoka Mbita, anaenda Eldoret, sahihi ya herufi moja. Hakuna makavazi yanayoviuliza. Mwenye gesti akikubali, mtu anaweza kuviweka sandukuni, afunike majina, akaacha njia: wametoka wapi, wameenda wapi, mwezi gani. Wachuuzi wangapi walipanda kutoka ziwani mwaka samaki walipoadimika. Wazazi wangapi walikuja mwezi wa kufungua vyuo. Mimi nimeanza na vinne, vya gesti mbili ambazo wenyewe walikuwa wanavitupa. Kimoja kinaanza Januari 2008, wiki za amri ya kutotoka nje. Kwa siku tisa mfululizo hakuna mgeni mpya hata mmoja, ni majina yaleyale ya watu 14, yameandikwa upya kila jioni, na kwenye safu ya unaenda wapi kumechorwa mstari tu.